Ganda la Shaba Katika Milima ya Gusii

Kabla ya mwaka 1905, silaha karibu zote zilizobebwa Gusii, nchi ya milima ambayo leo imegawanywa katika kaunti za Kisii na Nyamira, zilitoka kwa wahunzi wa karibu. Mhunzi alifua mikuki, vichwa vya mishale, mashoka na majembe, na kwenye fuawe hilohilo akatengeneza ebitinge, pete za chuma zilizovaliwa miguuni na mwanamke aliyeolewa kwa desturi zote. Bidhaa zake zilivuka mipaka ya kabila. Wajaluo wa nyanda za ziwani walizinunua kwa mifugo na nafaka. Mkuki uliopinda ulirudishwa kwa mhunzi, ukatiwa motoni, ukanyooshwa, na kufikia jioni mwenyewe alikuwa nao tena mkononi. Chuma kiliweza kufuliwa upya mara nyingi kadiri mtu alivyotaka, na aliyejua kukifua hakuishi mbali.

Silaha hizo zilitosha kwa vita vya wakati huo. Vijana wa Kitutu, Nyaribari, Bonchari, Majoge, Bassi na Mugirango walilala katika ebisarate, kambi za ng'ombe zilizokuwa pia ngome za ulinzi, kila mmoja na mkuki na ngao yake ya ngozi. Mwanzoni mwa miaka ya 1890, katika vita vya Saosao, jeshi la Wakipsigis lililokuja kuteka ng'ombe lilipigwa vibaya na mikuki hiyo. Ushindi huo ulibaki katika kumbukumbu za pande zote mbili kwa vizazi. Miaka kumi na kadhaa baadaye, mashujaa wenye silaha zilezile walikutana na kitu ambacho hakuna mhunzi wa Gusii aliyeweza kukitengeneza, wala hata kukitia viraka.

Kitu hicho hakikuwa bunduki hasa. Bunduki zilikuwa zimezoeleka Afrika Mashariki kwa muda mrefu. Misafara ya pwani iliyopita Mumias ilibeba magobori, na gobori halina makuu: hujazwa baruti kwa mdomo wa mtutu, hupakiwa kipande cha risasi au hata cha chuma, na fundi yeyote mwenye kalibu na moto anaweza kulilisha. Silaha iliyobadilisha mambo ilikuwa risasi yenye ganda la shaba. Ganda moja hukusanya vitu vinne: fataki kitakoni, baruti ndani, kichwa cha risasi mdomoni, na shaba yenyewe inayovishika vyote pamoja. Bunduki ya aina hii hula chakula chake tu. Likikosekana ganda la kipimo kinachofaa, inabaki kuwa fimbo nzito.

Waingereza walilifikia ganda hilo kwa hatua. Bunduki ya Snider ya mwaka 1866 ilitumia ganda la bati jembamba la shaba lililoviringishwa, lililobuniwa na Edward Boxer. Martini-Henry iliyofuata ilianza na ganda la namna hiyohiyo, na katika vita vya Sudan vya miaka ya 1880 maganda hayo yalikwama mitutuni bunduki zilipopata moto na vumbi, na askari wakafa wakihangaika kuyachomoa. Jibu lilikuwa ganda la kipande kimoja, lililovutwa kutoka kwenye kikombe cha shaba ya njano, mchanganyiko wa takriban sehemu 70 za shaba nyekundu na 30 za zinki. Mwaka 1888 lilizaliwa ganda la .303, na kuanzia 1891 likajazwa kodaiti, baruti isiyotoa moshi mwingi.

Mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yalitia saini Mkataba wa Brussels, uliozuia uingizaji wa bunduki za kisasa na risasi zake katika eneo lote la Afrika kati ya latitudo ya 20 Kaskazini na ya 22 Kusini. Mkataba ulijieleza kuwa ni wa kupinga biashara ya watumwa. Katika milima ya Gusii, iliyokuwa pembeni mwa njia za misafara, matokeo yake yalikuwa rahisi kuona: upande mmoja ungekuwa na ganda la shaba na upande mwingine usingekuwa nalo.

Reli ilifika Kisumu mwishoni mwa mwaka 1901, na mwaka 1902 vikosi vya kikoloni viliunganishwa kuwa King's African Rifles, KAR. Septemba 1905 kikosi cha askari wa KAR wapatao 100, pamoja na polisi, kilipelekwa Gusii kuwaadhibu watu waliokataa kutii. Robert Foran, afisa wa polisi aliyekuwamo, alisimulia katika kumbukumbu zake za mwaka 1936 kwamba askari walijipanga mraba huku beneti zikitazama nje, mashujaa wakawarukia kwa mikuki, na bombomu ya Maxim ikafyatua kwa muda mrefu hata chuma chake kikawa hakigusiki kwa joto. Nje ya mraba waliachwa mamia ya wafu na majeruhi.

Hesabu ya mzigo inaonyesha jinsi vita vile vilivyokuwa. Maxim ya .303 hufyatua takriban risasi 500 kwa dakika. Risasi zenyewe zilishonwa kwenye mkanda wa turubai wa risasi 250, kwa hiyo mkanda mzima uliisha kwa nusu dakika. Risasi moja ina uzito wa gramu 25 au zaidi kidogo, na mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa ratili 60, yaani kilo 27 hivi. Mpagazi mmoja, baada ya siku nzima ya kupanda kutoka ziwani hadi milimani, alikuwa amebeba mgongoni dakika mbili za vita. Nguvu ya serikali ya kikoloni ilikuwa reli, meli ya ziwani na mstari wa vichwa vilivyobeba masanduku. Bombomu ilikuwa ncha ya mstari huo.

Mwaka 1907 serikali ilifungua kituo Getembe, mahali ulipo mji wa Kisii, chini ya G. A. S. Northcote, ambaye Wagusii walimwita Nyarigoti. Januari 1908 Otenyo Nyamaterere, shujaa wa Kitutu, alimchoma mkuki afisa huyo akiwa safarini. Moraa wa Ngiti, mwaguzi aliyewahimiza vijana wasikubali kutawaliwa, ndiye anayetajwa katika masimulizi kuwa nyuma ya tendo hilo. Northcote alipona, na miaka mingi baadaye akawa gavana wa Hong Kong. Kwa Wagusii mambo hayakuisha hivyo. Vikosi vya KAR viliingia vikachoma nyumba, vikateketeza mazao na kuteka mifugo kwa maelfu, na ripoti za idadi ya waliouawa zilimfanya hata Winston Churchill, aliyekuwa naibu waziri wa makoloni, apeleke telegramu ya kuhoji mauaji ya watu wasioweza kujitetea kwa kiwango kile. Otenyo alikamatwa na kuuawa. Madai kwamba kichwa chake kilipelekwa Uingereza yangali yanaulizwa na jamii yake.

Tofauti na 1905, kampeni ya 1908 haikuwa na pigano kubwa. Watu walikuwa wamekwisha kuona mraba wa beneti. Walikimbia, na risasi ziliwafuata mmoja mmoja. Mwanahistoria akitafuta mahali ambapo mkuki wa Gusii ulikoma kuwa silaha ya kuamua vita, hapana haja ya kwenda mbali zaidi ya miaka hiyo mitatu.

Miaka sita baadaye maganda ya shaba yalimwagika Kisii kutoka pande mbili kwa mara moja. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza, kikosi cha Wajerumani kutoka upande wa Mwanza, chini ya Kapteni Bock von Wülfingen, kilivuka mpaka na kuingia mji wa Kisii. Tarehe 12 Septemba 1914 kampuni za KAR zilikishambulia kutoka vilimani, na siku nzima zikapigwa bunduki, bombomu na mzinga mdogo. Kapteni Thornycroft wa KAR aliuawa, na Wajerumani nao wakapata hasara kubwa wakarudi nyuma kuelekea mpakani. Wakati maafisa wa serikali walipokuwa wameondoka, wananchi waliingia bomani na katika vituo vya misheni, wakachukua walichoweza kubeba. Waingereza waliporudi walilipiza kwa faini za ng'ombe na kwa kuwachukua vijana kufanya kazi. Ni katika miaka hiyo dini ya Mumbo, iliyoanzia kwa Wajaluo wa Alego mwaka 1913, ilipata wafuasi Gusii. Ilitabiri kwamba wazungu wangeondoka, na kuondoka kwao kwa siku chache mwaka 1914 kulionekana kama onyesho la mapema.

Tofauti ya risasi za majeshi hayo mawili ilikuwa kubwa kuliko ilivyodhaniwa. KAR walitumia .303. Kampuni nyingi za askari wa Kijerumani wakati vita vinaanza bado zilibeba Mauser ya mwaka 1871, ya kipenyo cha milimita 11, yenye baruti nyeusi. Kila mfyatuo ulitoa wingu jeupe, na wingu hilo lilimwonyesha adui mahali pa kulenga. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alitafuta kwa hamu bunduki za kisasa. Novemba 1914 alizipata Tanga kwa kuwanyang'anya Waingereza walioshindwa: bunduki 455 na risasi zisizopungua nusu milioni. Aprili 1915 akazipata tena, safari hii kutoka baharini.

Meli Rubens, iliyojificha kwa jina la Kidenmaki la Kronborg, ilifika ghuba ya Manza kaskazini ya Tanga tarehe 14 Aprili 1915 huku manowari ya Kiingereza Hyacinth ikiiandama. Nahodha Carl Christiansen aliiendesha hadi maji mafupi ikazama kidogo. Waingereza walidhani imekwisha wakaenda zao. Wapagazi na wapiga mbizi walitoa ndani yake bunduki na mamilioni ya risasi, lakini risasi zilikuwa zimelala katika maji ya chumvi. Huko Moshi ilianzishwa kazi ambayo pengine ndiyo kubwa kuliko zote za aina yake katika historia ya Afrika Mashariki. Risasi zilifunguliwa moja moja, vichwa vikang'olewa, baruti ikamwagwa na kukaushwa, maganda yakasafishwa, kisha kila kitu kikarudishwa mahali pake. Nyingi bado zilikataa kulipuka. Zilizoaminika kidogo zilitengwa kwa mazoezi, na zilizoaminika zaidi zikaenda mstari wa mbele.

Aliyefungua risasi ya Moshi alilazimika kuijua shingo ya ganda, kwa sababu maji yalipita hapo, na kwenye fataki. Shingo ni sehemu nyembamba ya juu inayokishika kichwa cha risasi. Ukuta wake katika risasi ya .303 una unene wa karibu theluthi moja ya milimita. Mfyatuo unapotokea, hewa ya moto huisukuma shingo itanuke na kukiachia kichwa kiende zake, na papo hapo shaba iliyotanuka huziba chemba ili moto usirudi usoni mwa mfyatuaji. Shaba ikipoa hunywea kidogo, na ganda linatoka kwa urahisi. Chuma kisingefanya kazi hizo mbili kwa wepisi huo, na hiyo ndiyo sababu viwanda viling'ang'ania shaba, ghali kama ilivyo.

Shingo hiyo haizaliwi sawasawa. Kiwandani kikombe cha shaba huvutwa kupitia kalibu mara kadhaa kikirefuka na kukonda, na kila baada ya kuvutwa hutiwa moto kulainishwa. Msukumio ukihama katikati ya kalibu kwa unywele mmoja tu, upande mmoja wa ukuta unakuwa mnene kuliko mwingine, na tofauti hiyo inabaki hadi mwisho. Ganda likifyatuliwa, kukandamizwa upya na kujazwa mara kwa mara, tatizo huongezeka: shaba hutambaa kutoka kiwiliwili kwenda mbele, ganda linarefuka, shingo inanenepa. Shingo nene kupita kiasi katika chemba nyembamba haina nafasi ya kutanuka, kichwa hakiachiwi kwa wakati, na nguvu ndani ya mtutu hupanda hadi kiwango cha hatari.

Dawa yake ni kuikereza. Shingo huvishwa kwenye pini ya chuma iliyopimwa ili iingie bila kulegea, ikapakwa mafuta kidogo, kisha ganda likazungushwa mbele ya kisu kilichofungwa kwa skrubu. Mzunguko wa kwanza kisu hugusa upande mmoja tu na kuacha mng'ao wa mwezi mchanga. Ndipo fundi anapoona kwa macho upande ulionenepa. Huendelea hadi mng'ao uzunguke shingo yote, au karibu yote. Kisu kikikomea mbali na bega la ganda, pete ya shaba nene hubaki kwenye kitako cha shingo na kukibana kichwa vibaya. Kikiingia begani kupita kiasi, hapo ndipo ganda litakapopasuka. Kinachoondolewa ni unga wa shaba wa kujaza kidoleni.

Majeshi hayakufanya hivyo, wala hayakuwa na sababu. Chemba ya bunduki ya .303 iliachwa pana makusudi ili risasi yenye matope au vumbi iingie tu, na chemba pana haijali shingo ya unene usio sawa. Wenye kujali walikuwa walengaji wa Marekani baada ya Vita vya Pili vya Dunia, waliofyatua kutoka mezani wakitafuta matundu matano yaliyogusana kwenye karatasi, na mwaka 1951 wakaunda chama chao cha kitaifa. Ukerezaji wa shingo ni mtoto wa michezo. Kwa askari wa Moshi mwaka 1915 swali lilikuwa tu kama risasi italipuka.

Kulikuwa na kizuizi kingine kwa yeyote aliyetaka kujaza upya maganda ya kijeshi. Mengi, ya Kijerumani na ya Kiingereza vilevile, yalitumia fataki ya aina ya Berdan, ambayo fuawe lake ni sehemu ya ganda lenyewe na matundu ya moto ni mawili madogo, hivyo fataki iliyokwisha kulipuka haisukumwi nje kwa sindano kutoka ndani. Fataki ya Boxer, yenye tundu moja katikati, hutoka kwa pigo moja. Kwa kinaya, mfumo wa Mwingereza Boxer ulishika Marekani, na ule wa Mmarekani Hiram Berdan ukashika Ulaya na makoloni yake. Kwa hiyo hata maganda yaliyookotwa baada ya pigano la Kisii yasingemfaa fundi yeyote wa mtaani kama risasi. Yalikuwa shaba ya kuyeyusha, basi.

Katika enzi ya ukoloni, ukanda wa mashamba ya walowezi kuelekea Sotik uliwatenga Wagusii na Wakipsigis. Walowezi hao walikuwa na bunduki za kuwindia, na risasi za wawindaji wa Kiingereza zilitoka kwa wingi katika kiwanda cha Kynoch, Birmingham. Wakati huohuo vijana wa Gusii walifahamiana na ganda la shaba kwa njia mpya: kwanza kama wapagazi wa jeshi katika vita vya 1914 hadi 1918, kisha kama askari wa KAR katika vita vya pili, hadi Burma. Waliporudi nyumbani walikuwa wamejifunza kupiga shabaha, kusafisha mtutu, na kurudisha maganda yaliyohesabiwa.

Hesabu hiyo ilihamia katika sheria. Mwaka 1953, hali ya hatari ikiwa imepamba moto katika Mkoa wa Kati, koloni lilipata Sheria ya Silaha, Sura ya 114, ambayo ingali msingi wa udhibiti nchini Kenya. Chini yake silaha na risasi humilikiwa kwa cheti, na anayezitengeneza au kuziuza kibiashara lazima asajiliwe. Fundi wa Kisii au Nyamira anaweza kukereza bomba, kuchomelea geti na kufua jembe bila kumwomba mtu ruhusa. Ganda la risasi asiliguse. Kati ya wawindaji wachache wenye leseni kulikuwa na sababu ya kujifunza ujazaji hasa pale Kynoch ilipoacha kutengeneza risasi za wanyama wakubwa, karibu na mwaka 1970. Sababu hiyo haikudumu, kwani Mei 1977 serikali ilipiga marufuku uwindaji wa michezo nchini kote.

Bunduki za polisi wa utawala katika vituo vya Gusii zilibaki za .303, zile za Mark 4, muda mrefu baada ya jeshi kuhamia risasi ya 7.62 na bunduki ya G3. Raia walibaki bila kitu. Katika mapigano ya mpaka wa Borabu na Sotik mwanzoni mwa 2008, wakati soko la Chebilat lilipochomwa, pande zilizopigana zilitumia zaidi pinde na mishale, na bunduki zilikuwa mikononi mwa askari waliotumwa kuwatenganisha.

Risasi yenyewe ilianza kutengenezwa nchini takriban miaka 90 baada ya kituo cha Getembe kufunguliwa. Shirika la Kenya Ordnance Factories lilianzishwa Eldoret mwaka 1997, kwa mitambo na utaalamu wa Ubelgiji, likitoa risasi za 5.56, 7.62 na milimita 9. Shughuli ni zilezile za karne ya 19: kuvuta shaba, kuilainisha kwa moto, kubana bega na shingo, kutia fataki, baruti na kichwa. Shingo hupimwa unene wake, na ganda lililozidi kipimo hutupwa kwenye chakavu badala ya kukerezwa, kwa kuwa shaba ya ganda moja ni rahisi kuliko muda wa fundi wa kulinyoosha.